Teja Mwenye Koti Jeupe

Baba Mdogo alisikia redioni kwamba wanafunzi wa udaktari ni miongoni mwa wanaoongoza kwa uraibu wa intaneti, na tangu siku hiyo mimi si mtoto wa kaka yake tena, ni mgonjwa wake. Yeye mwenyewe si daktari. Ni fundi wa pampu za maji huko Morogoro, fundi mzuri kweli, na imani yake ni kwamba chochote kinachofanya kazi usiku kucha bila kuzimwa lazima kitaungua. Kwa hiyo ananipigia saa tatu usiku kunikagua. Nikipokea haraka anasema, "Si unaona? Hata haijaita mara mbili. Ulikuwa umeishika." Nikichelewa, nilikuwa nimezama kwenye video. Nisipopokea kabisa, hali ni mbaya na Mama Mkubwa ajulishwe.

Mama Mkubwa akajulishwa. Akalipeleka suala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lile lenye picha ya marehemu babu amevaa kofia yake ya msikitini, na kikao cha kujadili namna ya kunitoa mtandaoni kikafanyika humohumo mtandaoni, kuanzia baada ya taarifa ya habari hadi karibu saa saba usiku. Wajomba walichangia kutoka Kilosa. Binamu aliyeko Tabora alituma vikaragosi vya kulia. Bibi, ambaye simu yake haina kioo cha kupangusa, alishirikishwa kwa spika ya mjukuu. Mtu akauliza kama kuna soba hausi ya mambo haya. Baba Mdogo, ambaye redio yake haizimwi na hajawahi kuipeleka kokote kutibiwa, akakumbuka habari za kliniki ya methadone iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2011 kwa ajili ya waraibu wa heroini, akauliza kama hawawezi kunipimia na mimi kikombe.

Sasa, wale wagonjwa nimewaona. Wanakuja kila siku, wanakunywa dozi yao mbele ya mhudumu, wanaondoka. Ni watu waliopita kwenye arosto ya kweli, ile ya kutetemeka, kutapika na kuumwa mifupa. Niliandika kundini, kwa heshima zote, kwamba heroini ina vipokezi vyake ndani ya ubongo na methadone inakaa kwenye vipokezi hivyohivyo, na kwamba kwa simu hakuna dawa ya namna hiyo. Mama Mkubwa akajibu, "Umeandika haraka sana, mwanangu."

Basi nikaamua kuusoma huo ugonjwa niliopewa, maana kusoma magonjwa ndiyo kazi iliyonileta mjini. Nilichokikuta kilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ugonjwa huu ulianza kama utani. Mwaka 1995 daktari mmoja wa magonjwa ya akili wa New York, Ivan Goldberg, aliandika orodha ya dalili za uraibu wa intaneti akikejeli mwongozo wa Wamarekani wa kuainisha magonjwa ya akili, ambao aliona unakigeuza kila kitu kuwa maradhi. Kati ya dalili alizotunga kulikuwa na kuota ndoto za intaneti, na vidole kuchezacheza kana kwamba vinachapa, upende usipende. Watu wakasoma, hawakucheka. Wakaanza kumwandikia kwamba nao wanaumwa.

Mwaka uliofuata, mwanasaikolojia Kimberly Young akapanda jukwaani kwenye mkutano mjini Toronto akiwa hana utani hata chembe, na mwaka 1998 akatoa kitabu. Kipimo chake cha maswali 20 ndicho kinachozunguka kwenye vyuo vya udaktari ulimwenguni mpaka leo. Kila swali lina alama zisizozidi tano, jumla 100. Ukifika 80 una tatizo zito. Kati ya 50 na 79 unatiliwa shaka. Na kwa kipimo hiki na ndugu zake, uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti zenye wanafunzi wa udaktari 3651, ulipata kwamba karibu watatu katika kila kumi ni waraibu. Nadhani hicho ndicho redio ilichomfikishia Baba Mdogo, na njiani ile karibu watatu katika kumi ikageuka kuwa wote, hasa huyu wa kwetu.

Nikajiuliza kwa nini sisi. Madereva wa bodaboda wanaosubiri abiria pale kituoni hawabandui macho kwenye vioo vyao, mbona redio haiwasemi? Jibu nililipata siku tuliyoletewa fomu. Mtafiti ni mhadhiri. Mhadhiri amezungukwa na wanafunzi wa udaktari, watu wasioweza kumkatalia na waliozoea kujaza visanduku. Fomu yenyewe inatumwa kama linki kwenye kundi la darasa, saa nne usiku, na wanaoijaza ni walio hewani saa nne usiku. Yule mwenzetu aliyefungia simu sandukuni anapiga msuli hakuiona kabisa, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu. Ni sawa na kuhesabu walevi wa mtaa ukiwa umekaa ndani ya kilabu cha pombe.

Hata hivyo niliijaza. Kuna swali la kuacha kazi za nyumbani kwa ajili ya intaneti. Ninaishi hosteli, chumba cha watu wanne, na kazi ya nyumbani ni kufagia pale katikati ya vitanda panapoenea miguu miwili. Nikaweka sifuri. Kuna swali la kupenda msisimko wa mtandao kuliko faragha na mwenzi. Mwenzi yupi? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye mwenzi na muda wa faragha anastahili kuhojiwa peke yake, atueleze anafanyaje. Kuna swali la kukimbilia barua pepe kabla ya jambo jingine la lazima, na hapo nikakiri kwamba kipimo kweli kimekula chumvi. Kwetu barua pepe hufunguliwa wakati wa kuomba mkopo na wakati wa kukata rufaa ya mkopo. Kuna swali la kuwakaripia watu wanaokusumbua ukiwa mtandaoni. Nikaacha wazi, maana wanaonisumbua nikiwa mtandaoni wananisumbua kwa kupitia mtandaoni. Kisha lile la kukosa usingizi. Usingizi! Unamuuliza mtu atakayesimamishwa kesho asubuhi mbele ya kitanda cha mgonjwa aeleze sababu zote za tumbo kujaa maji, huku daktari bingwa akimtazama juu ya miwani, kama anakosa usingizi, halafu jibu unalipeleka kwenye simu.

Nilipata 54. Nikafanya kosa la kuamini kwamba matokeo ya kitaalamu yatamtuliza Baba Mdogo. Akasema, "Hamsini na nne kwa mia. Huko si mnaita kufaulu?"

Nikamweleza kwamba hata wakubwa wa fani hawajakubaliana. Mwongozo wa Wamarekani ulipotoka upya mwaka 2013 haukuuweka uraibu wa intaneti. Uliweka michezo ya mtandaoni tu, tena nyuma ya kitabu, miongoni mwa mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliingiza ugonjwa wa michezo ya kidijitali: mtu ashindwe kujizuia, mchezo upande juu ya kila kitu, aendelee ingawa unamharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo idumu mwaka mzima. Kuzunguka tu mtandaoni hakumo. Mimi sichezi mchezo wowote. Baba Mdogo akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hayo yote umeyatoa wapi?" Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimeyatoa kwenye simu.

Tafiti hizi hazikomei kuhesabu, zinataja pia vihatarishi, na hapo ndipo niliposhindwa kujizuia kucheka peke yangu kitandani. Tafiti nyingi zinataja uanaume, na mimi ni msichana. Nikamtumia Baba Mdogo, akajibu kwamba takwimu hazinijui. Kisha zinataja usingizi mbovu. Msongo. Wasiwasi na sonona. Upweke. Kuishi mbali na wazazi. Kukaa kitako muda mrefu bila mazoezi. Kuwa na intaneti saa zote. Isome tena orodha hiyo, kisha nitajie chuo cha udaktari kisichoigawa pamoja na kitambulisho siku ya usajili. Miaka mitano ya masomo, kisha mwaka wa mafunzo kazini, mbali na nyumbani, sapu nyuma yako na kudisko mbele yako. Wamekielezea chuo, wakakiita hatari, wakampima mwanafunzi.

Na kuna jambo ambalo redio huliruka. Tafiti nyingi za aina hii humkuta mwanafunzi siku moja tu: leo ana huzuni, leo yuko mtandaoni sana. Haziwezi kukuambia kipi kilimleta mwenzake. Kwenye korido yetu yuko dada mmoja aliyefeli anatomia mwaka wa pili, akajifungia na tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa Kiswahili, usiku na mchana. Ukimpa kipimo atapata alama za kutisha. Walezi wake walikuja, wakamnyang'anya simu, wakaondoka. Habari ya anatomia hakuna aliyeigusa. Wala hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Yuko mwingine, huyu wa kiume, ambaye hali yake inanitia hofu kweli. Bumu likiingia, linakwenda kwenye mikeka. Anabeti ligi ambazo hata miji yake haijui, timu za daraja la pili za nchi zenye theluji. Mkeka ukichanika anasuka mwingine kurudisha hasara. Ada ya mtihani ilikwenda, kompyuta ilikwenda, sasa anarudia mwaka na kwao hawajui. Uraibu wa kamari ni ugonjwa unaotambulika rasmi, uwe unacheza kwenye meza au kwenye simu. Basi tulijaza fomu ile pamoja, mezani kantini. Alipata alama chache kuliko mimi! Kuweka mkeka ni dakika mbili, anazima data, anakaa anatetemeka kwa saa nzima akiwa nje ya mtandao. Kipimo kinahesabu ulevi wa kukaa, yeye anazama bila kukaa. Nilipomaliza kuona hayo, heshima yangu kwa maswali 20 ilipungua, na tangu hapo sijaitafuta.

Sisemi simu ni malaika. Najua jinsi ilivyotengenezwa. Zamani mwanasaikolojia B. F. Skinner aligundua kwamba njiwa akidonoa kitufe na kupewa chakula kila mara, akishiba anaacha. Lakini akipewa mara moja moja bila mpangilio, atadonoa mpaka umwonee huruma. Mwaka 2006 mhandisi Aza Raskin akabuni ukurasa usio na mwisho, ule unaoshuka na kushuka bila kukuuliza kama unataka kuendelea, na baadaye akajitokeza hadharani kuujutia. Majuto yake hayajafika kwenye simu yangu. Saa nane usiku bado ninashuka, natazama mtu nisiyemjua akikaanga samaki nisiyemjua, na kila nikitaka kuacha, mtu mwingine anaanza kumenya embe kwa mtindo mpya.

Lakini niambieni kwa nini ni saa nane. Ni saa nane kwa sababu bando la usiku linaanza saa sita. Mchana, kifurushi cha bei ya sahani ya wali maharage kinaisha kabla hujamaliza kupakua slaidi za somo moja. Usiku wa manane, kwa pesa kidogo, unapewa gigabaiti za kumwaga, mradi uzimalize kabla ya kumi na moja alfajiri. Nani aliyefikiria hilo? Mwanafunzi mwenye akili timamu anafanya hesabu na kuona kwamba kulala ni hasara. Kwa hiyo hosteli nzima inaamka saa sita usiku, inapakua video za fiziolojia, na kwa kuwa video zinapakuliwa polepole, mtu anajiburudisha kidogo huku akisubiri. Kulala vibaya: kihatarishi. Kuwa na intaneti saa zote: kihatarishi. Kuwa maskini sikukiona kwenye orodha ile, na mimi ningekiandika juu kabisa.

Chuo nacho kimehamia mtandaoni, kikaacha nje jengo na mlinzi. Ratiba iko kwenye kundi. Mabadiliko ya ratiba yako kwenye kundi jingine. Si-ara wa darasa letu anatangaza saa moja kasoro dakika kumi asubuhi kwamba kipindi cha saa moja kimehamia ukumbi wa upande wa pili wa barabara, na asiyekuwa hewani anakwenda kukaa peke yake na feni. Madesa ni PDF. Vitabu ni PDF, kwa maana bei ya kitabu halisi cha anatomia, kile chenye picha za rangi na uzito wa tofali, inatosha kumlisha mtu mwezi. Kwenye chumba cha maiti tulikuwa wengi mno kuzunguka meza, walio nyuma wakawa wanasoma anatomia ya migongo ya wenzao. Mishipa ya mkono mimi nimeiona kwenye video, imepakwa rangi nyekundu na bluu, ikielezwa na Mmarekani mwenye haraka. Mwongozo wa taifa wa matibabu uko kwenye simu. Hesabu za dozi ya mtoto ziko kwenye simu.

Halafu wodini, kwenye raundi, daktari bingwa anatangaza kwamba akiona simu ataitupa dirishani. Sote tunazificha chini ya makoti meupe. Dakika haijaisha anasimama kwenye kitanda cha nne, anakuna kichwa, anageuka: "Hebu mmoja wenu aangalie haraka kiwango cha juu cha dawa hii kwa mwenye figo mbovu." Makoti kumi na mawili yakatoa simu kumi na mbili. Akatuangalia kwa masikitiko, akasema kizazi hiki kimekwisha. Dozi akaiandika.

Hayo ningeyameza. Ninachoshindwa kukimeza ni ukoo.

Tangu nilipopokewa chuoni, ndugu zangu wameacha kwenda zahanati. Wana daktari, ni mimi, sina leseni, sina shahada, nina bando. Picha zinaanza kuingia alfajiri. Upele wa kwapa, umepigwa karibu mno, ukungu mtupu, chini yake: "Hii nini?" Ukucha wa Mjomba. Kinyesi cha mtoto wa binamu, ndani ya poti, bila salamu. Picha ya eksrei ya mgongo wa Baba Mdogo mwenyewe, ameishikilia dirishani ili mwanga upite, kwa hiyo naona uti wa mgongo na nyuma yake naona kuku na baiskeli ya jirani. Bibi anarekodiwa na mjukuu, voisi ndefu inayoanza na habari za shamba, ikapita kwa wafu wawili, ikafika kwenye mguu unaowaka moto, na swali lenyewe liko sekunde za mwisho kabisa, kwa hiyo huwezi kuruka. Ongeza na zile jumbe zilizosambazwa mara nyingi: maji ya moto na kitunguu saumu yanafungua mishipa, mbegu za papai zinaosha figo, usile ndizi na yai. "Eti ni kweli, mwanangu?" Mama Mkubwa anataka jibu kabla hajachemsha.

Ukichelewa, tiki za bluu zinakushtaki. "Umesoma, umekaa kimya." WhatsApp walizileta mwaka 2014, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kilichowaongezea shangazi wa nchi hii mamlaka kuliko kile. Ukizizima, unaulizwa unaficha nini. Na ukijibu usiku, unaulizwa na mtu yuleyule aliyekuuliza kuhusu ukucha: "Wewe saa nane usiku unafanya nini mtandaoni?" Mjomba, na wewe umejuaje niko mtandaoni?

Kihatarishi hicho hakimo kwenye tafiti. Nimepekua. Kuna jinsia, kuna umri wa kuanza kutumia, kuna upweke, hakuna pahali palipoandikwa: kuwa na jamaa. Niliwahi kuliandika hilo kwenye ile fomu, pale mwisho wanapoacha mistari miwili ya maoni, nikaambiwa maoni yamezidi herufi.

Kikao cha ukoo kilitoka na azimio. Kwa muhula huu nitumie kitochi. Simu janja akabidhiwe Baba Mdogo aitunze mpaka mitihani ipite. Nilibisha, nikaambiwa kubisha ni dalili. Nikaipeleka Morogoro kwa basi, nikarudi na kiswaswadu chenye tochi, redio na betri ya kukaa wiki, na kusema kweli nililala. Nililala usingizi wa aina ambayo nilikuwa nimeisoma tu kwenye fiziolojia.

Tatizo, chuo hakikuarifiwa. Nikaingia kwenye kumbi zisizo na watu. Jaribio la magonjwa ya watoto likasogezwa mbele siku mbili nikiwa sina habari, nikaponea kwa sababu mwenzangu wa chumbani alinivuta kwa mkono nikiwa nimeshika ndoo ya kufulia. Dada huyu ni mtu wa Bukoba, mtaratibu, mchamungu, hana neno na mtu. Akawa ananisomea matangazo ya kundi kila jioni kwa sauti, nami nayaandika kwenye daftari. Wenzetu wakidhani tunasali.

Arosto ilikuja, lakini si kwangu. Siku chache tu baada ya azimio, kitochi kikaanza kuita mfululizo. Mama Mkubwa ana mdomo umevimba, hawezi kueleza, ni lazima nione. Mjomba anauliza rangi ipi ya mkojo ni ya kawaida, na rangi haielezeki kwa simu, anajaribu: "Kama soda ile, unaijua, lakini siyo ile nyeusi." Binamu wa Tabora ana upele, anauhesabu kwa mdomo, upele mmoja mmoja. Niliwashauri wote jambo moja, waende zahanati. Walikasirika. Baba Mdogo mwenyewe, mtunza simu, alipiga kuuliza namba ya siri, eti aitumie kupiga picha ya jicho lake kwa kuwa kamera yangu ni nzuri kuliko yake.

Nikakataa. Nikasema azimio ni azimio.

Sijui nani aliwapa namba ya mwenzangu wa chumbani. Nadhani ni mimi, kwa ajili ya dharura. Asubuhi moja nikamkuta ameketi kitandani na simu mkononi, uso umempauka, akaniuliza kwa upole, "Huyu mama aliyenitumia nyayo zake ni nani?" Kabla sijajibu ikaingia eksrei yenye kuku. Akajibu zote. Anajibu kwa sentensi kamili, anaanza na shikamoo, anauliza dalili zilianza lini, na mwisho anamwombea mgonjwa. Wiki ile ile akaingizwa kwenye kundi la ukoo. Mimi, kwa kitochi changu, siwezi hata kujua wanazungumza nini humo. Anaponisomea matangazo ya chuo jioni anaruka ya ukoo, anasema ni siri za wagonjwa.

Sasa amekuwa hewani saa zote. Analala saa tisa. Juzi wakati wa raundi alisinzia amesimama, na mhadhiri akamuuliza kama ana tatizo na simu.

Mama Mkubwa alinipigia jana jioni. Nilidhani ameona huruma, anataka nirudishiwe yangu. Akasifia kwanza. Yule binti anajibu haraka, hana dharau, hamwambii mtu mzima aende zahanati. Kisha akashusha sauti, akauliza kama ana mchumba, maana binamu yako wa Tabora umri unakwenda.